Homoni za msongo na homoni nyingine mwilini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

"Mvurugiko wa homoni" limekuwa kapu la kutupia kila kitu: hedhi iliyochelewa, kitambi, chunusi, usingizi uliokatika. Hapa tunajibu swali dogo zaidi: homoni za msongo zikipanda, zinazifanya nini homoni nyingine, na utalionaje hilo mwilini au kwenye karatasi ya maabara? Viwango tulivyotaja ni vya watu wazima. Kama maabara yako imeandika vyake pembeni ya majibu, fuata vyake.

Homoni za msongo ni zipi hasa?

Ni makundi mawili, na tofauti yake kubwa ni kasi. Kundi la kwanza ni adrenalini na noradrenalini. Hutoka sehemu ya ndani ya tezi za adrenali, zile tezi mbili ndogo zilizokaa kama kofia juu ya figo. Noradrenalini nyingine humwagwa na ncha za neva. Hufanya kazi ndani ya sekunde, na nusu ya adrenalini iliyomo kwenye damu huwa imeondoka baada ya dakika mbili tatu. Ndiyo maana ukinusurika kugongwa na bodaboda moyo hukudunda kama ngoma, na robo saa baadaye umeshatulia.

Kundi la pili ni kortisoli, inayotengenezwa kwenye gamba la nje la tezi hizo hizo. Hii haina haraka. Huchukua kama nusu saa kufika kileleni, na nusu yake huondoka kwenye damu baada ya saa moja hadi moja na nusu. Lakini kazi yake kubwa iko ndani ya seli, kuwasha na kuzima jeni, kwa hiyo athari zake hubaki saa nyingi, hata siku, baada ya kiwango cha damu kushuka.

Makundi haya mawili ni majirani wanaosaidiana. Damu iliyojaa kortisoli hutoka kwenye gamba na kupita sehemu ya ndani ya tezi, na huko kortisoli huchochea kimeng'enya kinachogeuza noradrenalini kuwa adrenalini. Yaani homoni moja kuamuru nyingine huanzia humo humo ndani ya tezi moja.

Amri ya kutoa kortisoli hutoka wapi?

Kwenye ubongo, kwa hatua tatu. Haipothalamasi hutoa homoni iitwayo CRH. CRH, ikisaidiwa na vasopresini, huiambia tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo itoe ACTH. ACTH husafiri kwa damu hadi adrenali, na adrenali hutoa kortisoli. Kortisoli ikitosha, hurudi kuwabana wakubwa wake wawili wa juu wapunguze amri. Breki hiyo ndiyo moyo wa habari yote hii. Ikikanyagwa muda mrefu kwa dawa, mfumo mzima husinzia, na tutaliona hilo huko mbele.

ACTH hukatwa kutoka kwenye protini ndefu zaidi iitwayo POMC, na protini hiyo hiyo hutoa pia homoni inayoipa ngozi rangi. Weka hilo akilini.

Hata bila msongo wowote kortisoli ina ratiba yake. Huwa chini kabisa karibu na saa 6 usiku, huanza kupanda alfajiri, na hupanda tena kwa ghafla katika dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka. Jibu la kortisoli lisiloandikwa saa ya kutolewa damu halina maana.

Ni mawazo tu yanayozipandisha?

Hapana, na hapa jina letu la Kiswahili linatupotosha kidogo. "Msongo wa mawazo" humfanya mtu afikirie madeni na ugomvi wa nyumbani. Hans Selye, aliyelileta wazo hili kwenye tiba kwa andiko fupi la mwaka 1936, alikuwa akizungumzia panya waliokabiliwa na baridi, majeraha na sumu: adrenali zao zilivimba, tezi za kinga zikasinyaa, matumbo yakapata vidonda. Kwa haipothalamasi, homa ya malaria, upasuaji, kutokwa damu, njaa, kukesha na kufiwa vyote hupita mlango mmoja.

Ukishikilia wazo hili, majibu yanayofuata yatakuwa rahisi. Mwili ulio hatarini huweka sukari na presha mbele, na huahirisha kinachoweza kungoja: uzazi, ukuaji, ujenzi wa mifupa. Homoni nyingi tunazosema "zimevurugika" huwa zimeahirishwa tu.

Kwa nini sukari hupanda nikiugua, hata nisipokula?

Adrenalini hufanya mambo matatu kwa mpigo. Kwenye kongosho huzibana seli za beta zisitoe insulini. Humo humo huzichochea seli za alfa zitoe glukagoni. Kwenye ini huvunja akiba ya sukari na kuimwaga kwenye damu. Kortisoli hufuata nyuma kwa kazi ya siku nzima: huliagiza ini litengeneze sukari mpya kutokana na protini za misuli, na hufanya misuli na mafuta visiisikilize insulini vizuri. Asiye na kisukari hatagundua kitu, kwa sababu kongosho lake litaongeza insulini kufidia. Mwenye kisukari hana uwezo huo wa kufidia.

Kosa tunalolijua sana ni mgonjwa wa aina ya kwanza kusema "sijala tangu jana, basi sichomi insulini". Hapo ndipo damu hugeuka tindikali. Ukiwa na homa au unatapika, usiache insulini ya muda mrefu. Pima sukari kila baada ya saa nne, pima ketoni (ndizo zinazoleta tindikali hiyo) kama una vipande vyake, kunywa maji kidogo kidogo, na nenda hospitali ukishindwa kabisa kubakiza maji tumboni.

Kinyume chake pia kipo. Sukari ikishuka chini ya takriban 3.8 mmol/L, mwili humwaga glukagoni na adrenalini kuipandisha: jasho, kutetemeka, njaa kali. Anayeshushwa sukari mara kwa mara na dawa huzoeshwa, kengele hiyo hufifia, na siku moja huanguka bila dalili. Propranololi nayo huificha kengele, isipokuwa jasho, ambalo hubaki.

Nimeanzishwa prednisoloni. Mbona sukari ya asubuhi ni nzuri lakini daktari anasema imepanda?

Kwa sababu unapima saa isiyo yake. Chukua mtu anayemeza prednisoloni miligramu 40 saa 2 asubuhi. Miligramu 5 za prednisoloni ni sawa na miligramu 20 za haidrokotisoni, yaani kortisoli yenyewe, kwa hiyo amemeza sawa na 160. Mwili wake kwa siku hutengeneza 20 kwa wingi wake. Athari kwenye sukari hupamba moto saa nne hadi nane baadaye. Akipima saa 12 asubuhi anapata 5.4 na kufurahi; saa 11 jioni ya siku hiyo hiyo mashine inasoma 15.

Pima kabla ya chakula cha mchana au cha jioni, au saa mbili baada ya mlo. Ikisoma zaidi ya 12 mara mbili, mjulishe daktari. Usiongeze mwenyewe dawa ya kisukari ya usiku: ile 15 ya jioni hushuka yenyewe kufikia alfajiri, na dozi uliyoiongeza itakukuta usingizini.

Hedhi imechelewa wiki tatu na sina mimba. Ni msongo?

Inawezekana, na njia yake inajulikana. Haipothalamasi huendesha uzazi kwa homoni iitwayo GnRH, inayotoka kwa midundo, takriban mmoja kila dakika 60 hadi 90 katika nusu ya kwanza ya mzunguko. CRH na kortisoli huipunguza midundo hiyo, kwa sehemu kubwa kwa kuzinyamazisha seli za ubongo zinazotoa kispeptini, ambayo ndiyo huiamsha GnRH. Midundo ikilegea, pituitari hutoa pungufu LH na FSH, homoni zinazoiamuru ovari, yai halipevuki, na estrojeni haifiki kiwango cha kufyatua yai.

Watu wengi hukosea hesabu hapa. Tangu yai litoke hadi hedhi ni kama siku 14, na kipindi hicho hakibadiliki sana. Kinachorefuka ni muda wa kabla ya yai kutoka. Kwa hiyo mtihani, msiba au malaria ya wiki hii haicheleweshi hedhi ya kesho kutwa kama yai limeshatoka. Hucheleweshwa ile ambayo yai lake lilikuwa bado. Na anayehesabu "siku za hatari" kwa kalenda hapo ndipo hunasa, kwa kuwa yai lilichelewa, halikufutwa.

Ikikosekana miezi mitatu mfululizo, usiendelee kusema ni mawazo. Pima mimba kwanza, hata kama una uhakika. Kisha prolaktini (homoni ya maziwa), TSH (amri ya pituitari kwa tezi ya shingo), FSH, LH na estradioli (estrojeni kuu). Kwenye ukosefu wa hedhi unaotokana na haipothalamasi, FSH na LH huwa chini au za kawaida, na estradioli huwa chini. FSH ikiwa juu sana, tatizo liko kwenye ovari, na hadithi ni nyingine kabisa. Waulizwe pia chakula na mazoezi: wanaokimbia sana huku wakila kidogo hupoteza midundo ya LH pale nishati inayobaki baada ya mazoezi inaposhuka chini ya takriban kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta. Mtu huyo anaweza kuwa na amani tele moyoni. Mwili wake unahesabu chakula. Vidonge vya uzazi wa mpango vitamletea damu kila mwezi bila kurudisha midundo, na humfanya adhani amepona wakati mifupa yake inaendelea kukosa estrojeni.

Na kwa wanaume?

Mfumo ni ule ule: GnRH ikizorota, LH hupungua, na korodani hutengeneza testosteroni kidogo. Kortisoli pia hubana seli za korodani moja kwa moja. Usipime testosteroni ukiwa na homa, wiki ya upasuaji, au baada ya kukesha. Pima kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi kabla ya kula, na jibu likiwa chini rudia siku nyingine kabla ya kukubali sindano yoyote. Sindano za testosteroni huzima LH na mbegu za kiume pamoja nayo, jambo ambalo wauzaji wa mitandaoni hawalitaji.

Prolaktini yangu ni 34. Nina uvimbe kichwani?

Pengine hapana. Prolaktini hupanda kwa msongo, na hofu ya sindano yenyewe inatosha kuivusha kikomo, ambacho kwa mwanamke asiye na mimba wala asiyenyonyesha ni kama 25 ng/mL. Rudia hivi: fika asubuhi, saa mbili tatu baada ya kuamka, usichezewe chuchu wala usifanye mazoezi siku hiyo, keti kimya dakika 20 hadi 30, kisha damu itolewe kwa mchomo mmoja usio na vita. Taja kila dawa unayotumia. Metoklopramidi na domperidoni za kichefuchefu, na haloperidoli na risperidoni za akili, huipandisha kuliko msongo wowote. Ikivuka 200 na huna mimba, hapo uvimbe wa pituitari unakuwa mshukiwa wa kwanza.

Ni kweli hofu hukausha maziwa ya mama?

Hukwamisha kutoka kuliko kutengenezwa. Maziwa hutengenezwa kwa amri ya prolaktini na hutolewa kwa oksitosini, ambayo hukaza viseli vidogo vinavyozunguka vifuko vya maziwa. Adrenalini na maumivu hubana oksitosini kule ubongoni na hupunguza damu inayoifikisha kwenye titi. Mwaka 1948 nchini Marekani, Michael Newton na Niles Newton walilipima jambo hili kwa mama mmoja anayenyonyesha. Alipotulia mtoto alipata wastani wa gramu 168. Aliposumbuliwa kwa makusudi, kwa maji ya barafu miguuni na maswali ya hesabu, mtoto akapata 99. Aliposumbuliwa vile vile lakini akachomwa oksitosini, zikarudi hadi 153. Maziwa yalikuwemo muda wote.

Kwa hiyo mama aliye wodi ya watoto njiti, anayekamua na kuona matone tu, asiambiwe kwamba hana maziwa. Apewe dawa ya maumivu ya kidonda, apewe mtoto kifuani ngozi kwa ngozi kama hali inaruhusu, aweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye titi dakika chache, alisugue taratibu kuelekea kwenye chuchu, kisha akamue, mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Hatari iko baadaye: titi lisilotolewa maziwa siku kadhaa hupunguza kutengeneza. Hapo kukwama hugeuka kukauka kweli.

Tezi ya shingo inaathirikaje?

Kortisoli hushusha TSH na hupunguza kugeuzwa kwa T4, homoni inayotolewa na tezi hiyo, kuwa T3, ambayo ndiyo yenye nguvu. T4 hugeuzwa badala yake kuwa T3 ya kinyume, isiyofanya kazi. Mwili unabana matumizi, kama nyumba inayozima taa za vyumba visivyo na watu. Mgonjwa mahututi anaweza kuwa na T3 ya chini sana, TSH chini au ya kawaida, na tezi nzima kabisa. Anapopona, TSH huweza kuruka kwa muda hadi karibu 20 mIU/L, na asiyejua humuanzishia vidonge vya maisha. Kama hakuna dalili za wazi za ugonjwa wa tezi, pima wiki 6 au zaidi baada ya kupona.

Mtoto mwenye msongo anaweza kudumaa?

Ndiyo. Msongo wa ghafla hupandisha homoni ya ukuaji kwa muda, ila ule wa kudumu huikandamiza, na kortisoli huzuia pia sahani za ukuaji kwenye mifupa. Kuna watoto wanaoteswa au kutelekezwa ambao homoni yao ya ukuaji huwa chini, na wakihamishiwa malezi mema hurefuka bila sindano hata moja. Lakini kabla ya kufika huko angalia chakula, minyoo, seli mundu, na dawa: prednisoloni ya kila siku kwa miezi hupunguza kimo. Pampu ya pumu ina athari ndogo mno ikilinganishwa na pumu isiyotibiwa, kwa hiyo usimnyang'anye mtoto pampu yake.

Kwa nini nikikosa usingizi nakula sana?

Kukesha huacha kortisoli ikiwa juu jioni, saa ambayo ingepaswa kushuka. Utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 2004 ulifuata vijana 12 wa kiume: baada ya usiku mbili za kulala saa 4 tu, leptini, homoni ya shibe, ilishuka kwa asilimia 18, na ghrelini, ya njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Ni kikundi kidogo, lakini mwelekeo huo anayefanya zamu za usiku haitaji kuhadithiwa.

Msongo huleta presha kupitia homoni zipi?

Adrenalini na noradrenalini huzichochea figo zitoe renini, na renini huanzisha mnyororo unaoishia kwenye aldosteroni, homoni ya kuhifadhi chumvi. ACTH nayo husukuma aldosteroni kwa muda mfupi. Kortisoli yenyewe ingeweza kukaa kwenye vipokezi vya aldosteroni, ila figo zina kimeng'enya kinachoigeuza kuwa kotisoni kabla haijafika. Kortisoli ikizidi mno kimeng'enya huzidiwa, presha hupanda na potasiamu hushuka. Mizizi ya urukususu, irqsus kwa Waarabu, huzima kimeng'enya hicho hicho. Mwenye presha aachane na kinywaji chake hata mwezi wa Ramadhani.

Jambo jingine ni vasopresini, homoni ya kubakiza maji, ambayo hupanda kwa maumivu, kichefuchefu na upasuaji. Mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji akiwekewa dripu za deksitrosi tupu, chupa baada ya chupa, hubakiza maji na sodiamu yake hushuka, wakati mwingine hadi degedege.

Kortisoli inapimwaje bila kudanganywa na jibu?

Kwanza amua unatafuta nini, maana upungufu na ziada vina vipimo tofauti.

Ukitafuta upungufu, damu itolewe kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Chini ya 100 nmol/L huashiria upungufu. Zaidi ya 450 kwa kawaida huuondoa. Katikati, mgonjwa huchomwa Synacthen (ACTH ya maabara) mikrogramu 250 na kortisoli hupimwa tena baada ya dakika 30 na 60, kuona kama adrenali zinaitikia. Maabara zinazotumia mikrogramu kwa desilita, zidisha kwa 27.6 upate nmol/L.

Ukitafuta ziada, kortisoli moja ya asubuhi haisaidii. Hutumika deksamethasoni miligramu 1 inayomezwa saa 5 usiku, kisha damu asubuhi saa 2 au saa 3: kwa mtu mzima wa afya huwa imeshuka chini ya 50 nmol/L. Vingine ni mkojo wa saa 24 na mate ya usiku wa manane. Mkojo huharibika kwa sababu moja ya kawaida: ule wa kwanza wa asubuhi ya siku ya kuanza unatakiwa umwagwe, na ule wa kwanza wa asubuhi inayofuata unatakiwa uingie kwenye dumu. Wengi hufanya kinyume.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza protini inayobeba kortisoli, hivyo jumla kwenye damu huonekana kubwa bure. Viachwe wiki 6 kabla. Rifampisini, fenitoini na kabamazepini huiharibu deksamethasoni kabla haijafanya kazi. Prednisoloni huweza kusomwa na mashine kama kortisoli. Mlinzi wa usiku asipimwe mate ya usiku wa manane, kwani saa yake ya ndani si ya wenzake.

Nimeambiwa "adrenali zangu zimechoka". Ni ugonjwa gani huo?

Haupo. Mapitio ya tafiti 58 yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakupata ushahidi kwamba adrenali huchoka kwa msongo wa maisha. Adrenali hufa kwa magonjwa, au hulazwa na dawa. Uchovu wako ni wa kweli; utafutiwe upungufu wa damu, tezi ya shingo, kisukari, VVU, kifua kikuu, sonona, na usingizi wenye mkoromo. Kuwa na hofu na "dawa ya kubalansi homoni" isiyoandikwa viambato: ikikuchangamsha ndani ya siku mbili na mashavu yakaanza kujaa, huenda ina steroidi.

Mkorogo na vidonge vya kunenepesha vinahusikaje na haya yote?

Vinahusika sana, na kwa maoni yetu hapa Afrika Mashariki vingestahili kuulizwa mapema kuliko kortisoli ya mawazo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi huchanganywa klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni kortisoli za maabara zenye nguvu kubwa. Klobetasoli ya asilimia 0.05 haitakiwi kuzidi gramu 50 kwa wiki wala wiki mbili mfululizo, na gramu 2 tu kwa siku zinaweza kutosha kuzilaza adrenali. Kamulia krimu kwenye kidole cha shahada kutoka ncha hadi kiungo cha kwanza: hiyo ni nusu gramu. Anayejipaka mwili mzima humaliza kama gramu 20 hadi 30 kwa mara moja. Piga hesabu ya miaka miwili.

Ngozi huinyonya, damu hudhani ina kortisoli tele, haipothalamasi na pituitari hukaa kimya, adrenali husinyaa. Wakati huo huo hedhi hupotea, sukari na presha hupanda, uso huwa mviringo, michirizi mipana ya zambarau hutokea tumboni na mapajani, na mtu hushindwa kuinuka kitini bila kujishika. Vidonge vya kunenepesha vyenye deksamethasoni hufanya hivyo hivyo: unene huja usoni na tumboni, mikono na miguu hubaki vijiti.

Basi niviache leo?

Usiache ghafla kama umetumia zaidi ya wiki tatu au nne. Adrenali zilizolala huchukua wiki, mara nyingi miezi, kuamka. Nenda na kopo au pakiti yenyewe kliniki, hata kama unaona aibu. Daktari atashusha prednisoloni hatua kwa hatua hadi kama miligramu 5, kisha atapima kortisoli ya asubuhi kabla ya dozi. Mtumiaji wa krimu anaweza kuhitaji haidrokotisoni ya kumezwa wakati mfumo unaamka.

Katika kipindi hicho, na kwa kila mwenye ugonjwa wa Addison (adrenali zilizoharibiwa na ugonjwa), homa huhitaji dozi ya ziada: haidrokotisoni maradufu ikivuka nyuzi 38, mara tatu ikivuka 39, hadi homa iishe. Akitapika dozi, akizirai, akiwa na maumivu makali ya tumbo au presha ikianguka, hiyo ni dharura: haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa au msuli papo hapo, lita moja ya maji ya chumvi ndani ya saa ya kwanza, kisha miligramu 200 kwa saa 24. Usingoje majibu ya maabara. Chukua damu ukiweza, lakini sindano itangulie.

Natumia dawa za TB au ARV. Kuna la kuangalia?

Yapo mawili, yanayoelekea pande tofauti. TB inaweza kula adrenali zenyewe. Wengi wa wagonjwa wa mwanzo walioelezwa na Thomas Addison, London, mwaka 1855 walikuwa nayo. Rifampisini kisha huongeza kasi ya ini kuvunja kortisoli. Mwenye adrenali dhaifu, zilizokuwa zikijikongoja, anaweza kuanguka wiki za mwanzo za dozi: anakonda zaidi, anatapika, anatamani chumvi, presha inashuka akisimama. Kwenye ngozi nyeusi tazama ufizi, ndani ya mashavu, mistari ya viganja na makovu mapya, na linganisha na picha ya zamani. Weusi ukiongezeka hapo, ni ile POMC: pituitari inapiga kelele kuomba kortisoli, na kelele hizo zinabeba na rangi. Anayemeza haidrokotisoni tayari huhitaji kuongezewa dozi, mara nyingi maradufu, kwa muda wote wa rifampisini.

Upande wa pili ni ritonaviri, iliyomo kwenye ARV za mstari wa pili kama atazanaviri na lopinaviri. Yenyewe huzuia steroidi zisivunjwe. Pampu ya flutikasoni au budesonidi, au sindano moja ya triamsinoloni kwenye goti, huweza kukaa mwilini wiki nyingi na kuleta uso wa mviringo huku kortisoli ya damu ikisoma karibu na sifuri. Beklometasoni ni salama zaidi kwa pumu ya mtu huyu. Mwambie anayekuandikia dawa ya pumu unatumia ARV gani, na mtaje jina lake, si rangi ya kopo.